Kukata Usichokiona

Fundi wa kujenga huwa na ramani. Fundi wa kubomoa hana. Anaitwa kung'oa fremu iliyoliwa na mchwa, kupanua dirisha, au kutoa kenchi iliyooza chini ya bati linalovuja, na anakabidhiwa nyumba iliyojengwa na mtu mwingine, kwa haraka za mtu huyo, kwa bajeti yake na kwa njia zake za mkato. Ramani, kama iliwahi kuwapo, imeliwa na mende kabatini. Kilichobaki ni ukuta uliopigwa plasta na kupakwa rangi mara kadhaa, na ukuta hausemi kilichomo ndani yake.

Kwa kazi ya namna hiyo kuna msumeno wake: ule wa umeme au wa betri unaoshikwa kwa mikono miwili, wenye bledi moja nyembamba iliyochomoza mbele kama mdomo wa chuchunge. Kila saiti ina jina lake kwa mashine hii. Mimi nitauita msumeno wa kwenda-rudi. Mota inazunguka, gia zinaugeuza mzunguko kuwa mwendo wa mbele na nyuma, na bledi inakwenda na kurudi umbali wa sentimita 3 hivi, hadi mara 3,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 50 kwa sekunde, sawasawa na mapigo ya umeme wa gridi unaopita kwenye nyaya zetu. Kampuni ya Milwaukee ya Marekani iliutoa wa kwake mwaka 1951 kwa jina la Sawzall, na jina likaenea mpaka mafundi wa huko wakawa wanaiita hivyo mashine ya kampuni yoyote.

Nimeutazama ukifanya kazi mara nyingi kuliko nilivyoushika, na naona watu huogopa upande usio wenyewe. Huogopa meno. Wana haki, lakini meno yanaonekana, na kinachoonekana mtu hujihadhari nacho hata bila kufundishwa. Msumeno wa mkono hulala juu ya ubao wenye mstari wa penseli. Grenda huonyesha diski yake na kumwaga cheche hadharani. Huu umetengenezwa ili uingie ndani, upenye, ukate mahali ambapo jicho la anayekata halifiki. Ukiwa na bledi ya milimita 225 na ubao wa milimita 50, sehemu kubwa ya bledi inafanya kazi gizani. Mkono wa saidia fundi anayeshikilia ubao huo kwa nyuma uko huko huko.

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Maseremala wangeweza kubisha. Msumeno wa kawaida wa mkono huuma ukisukumwa na hupumzika ukirudi. Huu wa umeme ni kinyume, meno yake yamemwelekea aliyeushika na huuma unaporudi. Unaokata mbele na nyuma kwa kweli ni ule mrefu wa watu wawili, wa kukatia magogo. Sina nia ya kusahihisha methali. Nimeitaja kwa sababu mwelekeo wa meno ndio unaoeleza kanuni ya kwanza ya mashine hii: kwa kuwa bledi inauma inaporudi, inakivuta inachokikata kije kwa fundi, au inamvuta fundi akifuate. Kinachozuia mvutano huo ni bamba la chuma lililoko mdomoni mwa mashine, ambalo lazima ligandamizwe juu ya kitu kinachokatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Bamba likiachana na ubao, kukata kunakoma na kutikisa kunaanza: ubao unapigwa, mabega yanapigwa, bledi inapinda. Na ncha ya bledi ikigonga kitu kigumu huko ndani, nondo au jiwe, mashine nzima inarushwa nyuma ghafla. Fundi aliye juu ya ngazi, mikono yote miwili ikiwa kwenye mashine, hana wa tatu wa kujishikia. Kazi ya juu hutaka jukwaa, hata liwe la mirunda.

Mengine ya mashine yenyewe ni mafupi. Betri inachomolewa, au plagi kwenye soketi, kabla ya kubadili bledi. Bledi iliyotoka kukata chuma haishikwi kwa vidole vitupu. Kidole kikiachia swichi, bledi huendelea kidogo. Inasubiriwa isimame ndipo mashine iwekwe chini. Mbao hukatwa kwa meno makubwa, 6 hivi kwa inchi; chuma kwa meno madogo, 18 hadi 24, na kwa mwendo wa polepole. Mbao zenye misumari hutaka bledi ya metali mbili, meno ya chuma kigumu kwenye mgongo wa chuma kinachopindika. Miwani huvaliwa kwa sababu kichwa cha msumari kilichokatwa hakichagui pa kwenda. Yote haya yameandikwa kwenye kijitabu kinachokuja na mashine, kile ambacho hutupwa pamoja na boksi.

Kijitabu hakimtaji fundi aliyetangulia.

Anayekata ukuta wa zamani anafanya kazi na mtu ambaye hayupo. Kila waya umo mahali ulipo kwa sababu mtu aliamua upite hapo. Fundi umeme mwaminifu huteremsha bomba la waya wima kutoka darini hadi kwenye soketi, au hulilaza usawa mmoja kutoka soketi hii hadi ile. Anayeijua desturi hiyo anaweza kusimama mbele ya ukuta mtupu na kuzikisia njia zote. Lakini kuna fundi aliyeishiwa waya siku ile, akaupitisha mshazari ili utoshe. Na kuna aliyeambiwa na mwenye nyumba, plasta ikiwa imeshakauka, kwamba inatakiwa taa nyingine ya nje. Akachimba kijia, akalaza waya bila bomba, akaziba kwa saruji. Hakuwa mtu mbaya. Alilipwa, akaenda zake, na waya wake bado una volti 230.

Ndiyo maana naona usalama wa msumeno huu uko zaidi katika kumsoma mtu yule kuliko katika kuishika mashine, na kumsoma huanza na maswali ambayo hayafanani na kazi. Nilimsikia fundi mmoja wa makamo, Morogoro, akiyauliza kwa mama mwenye nyumba. Alikuwa ameitwa kutoa fremu ya dirisha iliyokwisha kwa mchwa, na mashine ilikuwa bado ndani ya mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona huanzi?"

"Naanza, mama. Hapa palikuwa dirisha tangu mzee alipojenga?"

"Hapana, palikuwa mlango wa uani. Tulijenga chini tukaacha dirisha, mwaka ule tulioongeza choo cha ndani."

"Na maji ya hicho choo yanapita wapi?"

Mama akafikiri, kisha akaonyesha kwa kidole chini ya dirisha, ubavuni mwa fremu, pale pale alipokuwa amepiga mstari wa chaki kijana msaidizi wa fundi. Akasema kwamba tangu choo kijengwe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Umeme una maswali yake, na siku hizi yameongezeka. Zamani ilitosha kuzima swichi kuu. Sasa nyumba ina inveta na betri zinazojiwasha zenyewe umeme unapokatika, kwa hiyo ukizima swichi kuu inveta inaelewa kwamba umeme umekatika, inaitikia kwa wema kabisa na kurudisha volti 230 kwenye nyaya zile zile unazotaka kuzipitia. Juu ya bati kuna paneli za sola, na nyaya zinazoshuka kutoka huko zina umeme muda wote jua linapowaka, swichi ya ndani iwe imezimwa au la. Nyumba ya wapangaji ina mita mbili za LUKU, na aliyezima moja hakuigusa ya pili. Ndiyo sababu wenye uzoefu hawaiamini swichi, wala hawakiamini kipimo mpaka wakipime chenyewe: kwanza kwenye soketi wanayojua ina umeme, kisha kwenye waya unaoshukiwa, kisha tena kwenye soketi ile. Kipimo kilichokufa na waya uliokufa hutoa jibu moja.

Pipa la lita 200 lina hila ya namna yake. Watu hulikata wapate jiko la nyama choma au hori la ng'ombe, na mwenye nalo huapa kwamba halina kitu, limekaa juani miezi sita. Kama lilibeba petroli au thina, mabaki machache kwenye mshono wa kitako yanatosha kutoa mvuke ukajaa ndani, na joto la chuma kinachokatwa au cheche moja vinatosha kuuwasha. Pipa lililoziba likilipuka, kitako chake huruka. Watu hulitikisa, wakasikia halichezi maji, wakaridhika. Mvuke hauna mlio. Pipa la historia isiyojulikana mimi ningeliacha, na bei ya jiko jipya si kubwa kiasi hicho.

Wanaonivutia zaidi katika habari hii ni waokoaji wa ajali za barabarani. Msumeno wa kwenda-rudi ni moja ya zana zao za kukatia nguzo za paa ili mtu aliyebanwa atolewe. Kama kuna watu wenye haki ya kukata bila kuuliza, ni wao: majeruhi analia, dakika zinakwenda, umati unapiga kelele wakate haraka. Na bado mafunzo yao yanawataka wabandue kwanza plastiki za ndani ya nguzo na paa, watazame. Magari mengi yana mitungi midogo ya gesi iliyoshindiliwa, ya kujazia mifuko ya hewa, imefichwa pembeni mwa paa au ndani ya nguzo za nyuma. Ukiukata mtungi huo unapasuka. Magari ya haiburidi, kama Toyota Prius ambazo huletwa kwetu kutoka minada ya Japani, yana nyaya nene za rangi ya chungwa zenye zaidi ya volti 200. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye plastiki katikati. Msumeno hukisaga kikawa unga, kwa hiyo majeruhi hufunikwa kabla ya kukigusa. Sekunde hizo chache za kutazama hupatikana hata hapo. Mtu anayekata dari ya jikoni saa nne asubuhi hana kisingizio.

Halafu kuna uzito, ambao nao hauonekani. Ubao unaolala chini ya kenchi, usawa wa dari, watu hudhani kazi yake ni kubeba jipsam. Ubao huo unavutwa huku na huku: miguu ya paa inataka kutanuka, na wenyewe ndio unaoizuia isisukume kuta. Nimeona ukikatwa ili simtanki ipite darini, na paa halikuanguka siku hiyo, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu aliyekata aliondoka akiamini hakuharibu kitu. Mti wowote unaobeba mzigo humwambia fundi habari zake wakati wa kukata, akisikiliza: njia ya bledi ikianza kujifunga na kuibana, upande ule unasukumwa, ikianza kufunguka yenyewe, upande ule unavutwa na karibu utaachia. Kwa kawaida maelezo hayo huja yakiwa yamechelewa. Mirunda ya kuegemeza huwekwa kabla.

Na wakati mwingine hatari haiko nyuma ya kitu, ni kitu chenyewe. Majengo mengi ya zamani katika Afrika Mashariki, ya umma hasa, yaliezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto. Yakikaa mazima, nyuzi zake hubaki ndani ya saruji. Msumeno ukipita, nyuzi hizo huwa vumbi jembamba lisiloonekana, huingia mapafuni na kukaa, na saratani inayotokana nazo hujitokeza miongo kadhaa baadaye, aliyekata akiwa ameshasahau hata jina la shule aliyoikarabati. Hapa hakuna ustadi wa kushika mashine unaosaidia. Bati la namna hiyo halikatwi kwa msumeno hata kipande kimoja. Linalowanishwa na kushushwa zima na watu wenye vifaa vya kazi hiyo.

Lakini sehemu iliyofichika kuliko zote ambayo bledi hii hufika imo ndani ya mkono wa aliyeishika mashine.

Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton, Mmarekani aliyeyafanya magonjwa ya kazini kuwa kazi ya maisha yake, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kuwachunguza wachonga mawe ya chokaa waliotumia nyundo za hewa zinazotetemeka. Asubuhi za baridi vidole vyao viligeuka vyeupe kama vimeishiwa damu, vikafa ganzi. Ufaransa, daktari Maurice Raynaud alikuwa ameshaeleza weupe wa namna hiyo mwaka 1862, kwa wagonjwa wa kawaida. Hamilton aliuona kwa wafanyakazi, na akauhusisha na zana walizoshika. Mtetemo hubana na kuharibu mishipa midogo ya damu, na hugusa pia neva za vidole.

Leo kuna hesabu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linaupima mtetemo kwa mita kwa sekunde mraba na kuweka viwango viwili kwa siku ya saa 8: ukifika 2.5 mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndio mwisho. Misumeno mingi ya kwenda-rudi hutikisa kwa zaidi ya 10, na mingine hupita 20. Tena muda unaoruhusiwa hauteremki sambamba na mtetemo. Mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda unakatwa mara nne. Mashine inayotikisa kwa 20 inafikia kiwango cha kwanza kwa dakika saba na nusu, na cha mwisho kwa nusu saa. Nusu saa ya bledi kukata kweli, si ya kuwa kazini. Hata hivyo fundi anayevunja paa zima la nyumba huimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kwetu jambo hili hujificha kwa sababu ya joto. Weupe wa vidole huitwa na baridi, na Dar es Salaam haina baridi ya kuuita. Fundi wa Njombe au Limuru anaweza kuuona asubuhi; wa pwani pengine hatauona kabisa. Neva hazingoji baridi. Kinachomfika yeye ni ganzi inayomwamsha usiku akaupungapunga mkono, kifungo cha shati kinachoanza kumsumbua, msumari mdogo unaoteleza kati ya vidole. Anasema ni uchovu, au amelalia mkono. Hali ikishakomaa hairudi nyuma.

Dawa yake haina maajabu. Bledi kali, kwa sababu butu hutikisa zaidi na hulazimisha mtu kusukuma, bamba lililogandamizwa, mshiko uliotulia, maana kadiri unavyobana ndivyo mtetemo unavyopanda mkononi, na kupokezana. Hapa uchumi wa saiti unaingia. Bledi ni kitu cha kununuliwa, mkono umekuja bure, kwa hiyo bledi hutumiwa mpaka imekuwa laini kama rula. Na kupokezana kunataka mtu wa pili anayejua, ilhali mtu wa pili aliyepo ni kijana wa kubeba zege aliyekuja asubuhi hiyo hiyo kwa kandambili.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinambebesha mwajiri mzigo wa kumlinda anayefanya kazi. Katika nyumba ya mama wa Morogoro, mwajiri ni nani? Mama, aliyeitafuta namba ya fundi kwa jirani? Fundi, aliyemchukua kijana kijiweni kwa malipo ya siku? Msumeno huu wa sheria, kwa mbele na kwa nyuma, mara nyingi haugusi ukuta kama ule.

Kinachogusa ni malipo. Nusu saa ya kuuliza, kugongagonga plasta, kupanda darini na tochi na kupima nyaya haina jina katika makubaliano yetu. Mwenye nyumba hulipia kazi anayoisikia. Mashine ikinguruma moyo wake hutulia, fundi akichuchumaa mbele ya ukuta akitazama tu huanza kuhisi anaibiwa. Fundi naye anajua anatazamwa, basi huiwasha mashine mapema ili aonekane anafanya kazi. Kwa maoni yangu desturi hiyo ina hatari kuliko bledi butu, na haiondolewi na glavu.

Yule wa makamo alikuwa na njia yake. Alitaja bei ya ukaguzi kwanza, peke yake, kabla hajataja ya kung'oa, na akaongeza kwamba kabla ya kuziba atapiga picha za ukuta ukiwa wazi, tepu ikiwa imelazwa kando ya mabomba ili vipimo vionekane, abaki nazo mama kwenye simu yake kwa ajili ya fundi mwingine atakayekuja. Mama alibisha, kama inavyotakiwa. Alisema hajawahi kusikia mtu analipwa kwa kuuliza maswali. Fundi akasema hata daktari hulipwa hivyo. Wakapatana elfu kumi na tano na chai, na mama akasema kwa bei hiyo autazame na ukuta wa jikoni.